Kalamu ya Tabibu

Watu wengi duniani hushika kalamu, lakini kalamu zao hazina uzito mmoja. Mwalimu akikosea ubaoni hufuta kwa kitambaa, na wanafunzi wakaandika upya. Karani akikosea hesabu, mkaguzi huja akaisahihisha, na fedha zilizopotea huweza kurudi. Tabibu hana raha hiyo. Neno aliandikalo juu ya kipande cha karatasi huenda katika duka la dawa, likageuka kidonge au sindano, likaingia katika damu ya mtu. Likiisha kuingia, halina kifutio. Ndiyo maana nataka kuzungumza nanyi, wasomaji vijana, juu ya kalamu hiyo: faida yake, hatari yake ipitapo kiasi, na wajibu wa yule aishikaye.

Nikisema tabibu nakusudia daktari wa hospitali kuu, afisa wa kliniki wa zahanati, na kila mtu mwingine aliyepewa idhini na sheria ya kuwaandikia wagonjwa dawa. Mimi si mmoja wao. Mimi ni mwalimu. Chuo cha ualimu kilinifundisha kupima akili za vijana, si mapigo ya mioyo yao. Lakini mtu hahitaji kuwa nahodha ili ajue kuwa jahazi linavuja. Abiria naye huyaona maji miguuni pake. Katika jambo hili wengi wetu tu abiria.

Kwanza yafaa tuipe dawa haki yake. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepatwa na kisukari cha utotoni alikuwa akihesabiwa siku zake. Insulini ilipoanza kutumiwa mwaka ule mjini Toronto, watoto waliokuwa wakingojea kaburi walirudi kucheza. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mjini London mwaka 1928, imeokoa watu wasiohesabika katika nimonia na katika vidonda vilivyooza. Katika nchi yetu wenyewe, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zimewaweka hai wazazi ambao watoto wao wangekuwa mayatima. Mtu anayedharau dawa zote hana busara zaidi ya mtu anayemeza dawa zote. Kwa hiyo maneno yangu si vita juu ya dawa. Ni ombi la kiasi. Wala mtu asiache dawa aliyoandikiwa kwa sababu ya kuisoma insha hii. Akiwa na shaka, na ampelekee tabibu wake swali.

Kiasi ndiyo nguzo ya tiba. Paracelsus, tabibu wa Uswisi aliyeishi karne ya 16, alifundisha kuwa tofauti kati ya dawa na sumu ni kipimo. Maneno yake yamezeeka, lakini ukweli wake haujazeeka. Parasetamoli, kidonge kinachopatikana karibu katika kila nyumba, hutuliza homa na kuumwa na kichwa. Mtu akiizidisha sana huliharibu ini lake, na aweza kufa. Jentamisini ni sindano inayowaokoa watoto wachanga wenye maambukizo makali. Ikizidi kipimo au muda, yaweza kuvidhuru viungo vya kusikia, na aliyedhurika hivyo asipate tena kusikia vizuri. Hapana dawa yenye nguvu ya kuponya isiyokuwa na nguvu ya kudhuru. Kisu kinachokata mkate hukata kidole pia, na ukali ni ule ule mmoja.

Kuzidisha dawa kuna sura tatu. Ya kwanza ni kumpa mtu dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Ya pili ni kumpa dawa ya ugonjwa alio nao, lakini kwa kipimo kikubwa mno au kwa muda mrefu mno. Ya tatu ni kumpa dawa nyingi pamoja bila kuangalia kama zapatana au zapigana. Sura hii ya tatu ndiyo iliyo ngumu kutambua, kwa kuwa kila dawa peke yake huonekana kuwa na sababu njema. Niliiona katika ukoo wetu nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, na nitaieleza kama ilivyokuwa.

Shangazi yangu alikuwa mkulima mwenye umri wa miaka sitini na kitu, mwanamke wa jembe na wa mzaha. Magoti yalianza kumwuma. Akaenda kliniki moja, akaandikiwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Ilimpa nafuu, naye akaendelea kuinunua na kuimeza kila siku kwa miezi mingi, na cheti kikitiwa saini upya kila kilipokwisha. Baadaye kliniki ya pili ilimkuta ana shinikizo la juu la damu, ikampa kidonge cha kulishusha. Baada ya majuma machache miguu yake ilivimba. Kliniki ya tatu ikamwandikia dawa ya kupunguza maji mwilini. Miguu haikupungua sana, lakini sasa akawa anaona kizunguzungu kila asimamapo. Akapewa dawa ya kizunguzungu. Asubuhi moja aliinuka kitandani, akaanguka, akavunjika nyonga.

Katika hospitali alikolazwa palikuwa na daktari mzee. Hakuanza kwa kuandika. Aliomba aletewe dawa zote zilizokuwa nyumbani, nasi tukazileta katika mfuko. Akazimimina juu ya kitanda, akazipanga moja moja kwa utaratibu wa miezi iliyoanza kutumiwa, kama mtu anayepanga shanga. Kisha akamwambia shangazi:

"Mama, unafikiri una magonjwa manne. Mimi naona ugonjwa mmoja wa magoti, na dawa zinazokimbizana."

Alitueleza polepole. Diklofenaki ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kupandisha shinikizo la damu na kuzichosha figo. Kidonge cha shinikizo alichopewa ni kizuri, lakini kwa baadhi ya watu huvimbisha miguu. Uvimbe ule ulidhaniwa kuwa ugonjwa mpya, ukapewa dawa ya kupunguza maji. Dawa hiyo ikamkausha, akawa anaona kizunguzungu. Kizunguzungu nacho kikadhaniwa kuwa ugonjwa mpya. Kila dawa ilizaa dalili, na kila dalili ikaita dawa nyingine. Wataalamu wanao msamiati wa mambo haya, lakini sisi twaweza kuyaita mnyororo. Daktari yule aliukata mnyororo pale ulipoanzia. Aliiondoa diklofenaki, akaziondoa na nyingine hatua kwa hatua huku akimpima, akabakiza dawa moja tu ya shinikizo. Kwa magoti alimfundisha mazoezi, akampa dawa nyepesi ya kutumia siku za maumivu makali tu. Kizunguzungu kilikwisha. Miguu ikarudi katika umbo lake. Nyonga haikurudi kama ilivyokuwa. Shangazi anatembea kwa fimbo hata leo, na shamba analiangalia kutoka kibarazani.

Nimejiuliza mara nyingi: katika habari hii mwenye hatia ni nani? Matabibu wale hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja aliona dalili moja akaijibu kwa dawa moja. Lakini wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hakuna aliyeuliza, "Mama, unameza nini kingine?" Swali hilo halina gharama, halihitaji mashine wala maabara. Kutokuuliza kwake kulimgharimu mtu mguu. Wala hakuna hata mmoja wao aliyepata kujua kuwa alimdhuru mtu, kwa kuwa hapana aliyefuata kuangalia nini kilitokea baada ya karatasi kutoka mkononi mwake. Kwa fikira yangu, hapo ndipo wajibu wa tabibu ulipo: kazi ya tabibu haiishi pale anapotia saini. Huo ndio mwanzo wake.

Twaweza kuuliza kwa nini watu waliosoma sana huandika dawa kupita kiasi. Sababu ni nyingi, na baadhi yake zataka huruma. Tazama foleni ya zahanati yoyote asubuhi ya Jumatatu. Wagonjwa wamejaa benchi na kibaraza, na tabibu ni mmoja. Kuandika dawa ni kazi ya nusu dakika; kumweleza mtu kwa nini dawa haihitajiki ni kazi ndefu, na mara nyingi huishia kwa ugomvi. Aliyechoka huchagua njia fupi. Sababu nyingine haistahili huruma hata kidogo: iko kliniki ambayo anayeandika dawa ndiye anayeiuza, na kila mstari katika cheti ni shilingi katika kasha. Wako pia mawakala wa makampuni ya dawa, wanaopita kwa matabibu wakisifu bidhaa zao. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Lakini tusiwalaumu matabibu peke yao huku sisi tukijificha nyuma ya mlango. Wagonjwa wengi wa kwetu hawaamini kuwa wametibiwa mpaka watoke na mfuko uliojaa. Akipewa vidonge, mtu hulalamika kuwa hakupigwa sindano. Akipigwa sindano moja, huuliza kwa nini si mbili. Tumezoea hata kutaja magonjwa mawili kwa pumzi moja, malaria na homa ya matumbo, kana kwamba ni mapacha. Homa yoyote, hata katika nyanda za baridi ambako mbu wa malaria ni adimu, huitwa kwa majina hayo. Kipimo cha zamani cha damu cha homa ya matumbo, kiitwacho Widal, hakiaminiki kikitumiwa peke yake, kwani huweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu asiyekuwa nao. Hata hivyo wengi wameandikiwa dawa kali kwa sababu yake. Kuhusu malaria, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2010 kuwa kila anayeshukiwa apimwe kwanza kabla ya kutibiwa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua.

Katika shule ya bweni ninakofundisha, muhula mmoja wa mvua, mafua yaliingia katika mabweni. Nilikuwa mwalimu wa zamu, nikawapeleka wanafunzi kadha katika zahanati. Afisa wa kliniki aliwapima mmoja mmoja: akawatazama koo, akasikiliza vifua, akapima joto. Wawili aliwaandikia dawa. Wengine aliwaambia wapumzike, wanywe maji kwa wingi na vitu vya moto. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu alikasirika.

"Daktari, nimetoka shule mpaka hapa, nirudi mikono mitupu? Niandikie angalau antibiotiki."

Yule bwana aliweka kalamu mezani akamtazama. "Mwanangu," akasema, "mafua yako yametokana na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Nikikupa, haitakuponya, nayo yaweza kukuharisha au kukutoa vipele. Tena itawafundisha bakteria walio mwilini mwako namna ya kuishinda siku utakapoihitaji kweli. Lakini sikufukuzi. Homa ikipita siku tatu, au ukipata taabu ya kupumua, urudi upesi, nami nitakupima tena."

Mvulana alinung'unika njia nzima. Baada ya juma moja alikuwa uwanjani akicheza mpira. Mimi niliyatia moyoni maneno matatu ya afisa yule: alipima kabla ya kukataa, alieleza sababu ya kukataa, na akauacha mlango wazi. Kukataa bila kupima ni uvivu, na kukataa bila kueleza ni kiburi. Kukataa kwa namna ile ni tiba.

Alilolisema juu ya bakteria si kitisho cha kuwaogofya watoto. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kuwa matumizi mabaya ya penisilini yangeweza kuzalisha vijidudu visivyoogopa penisilini. Onyo lilitolewa mapema, likasikiwa na wachache. Watafiti wamekadiria kuwa katika mwaka 2019 pekee watu wapatao 1,270,000 duniani walifariki kwa maambukizo ya bakteria ambao dawa hazikuwaweza. Hapa kuzidisha dawa kunatofautiana na makosa mengine ya tiba. Dawa ya moyo ikitumiwa ovyo humdhuru aliyeimeza. Antibiotiki ikitumiwa ovyo yaweza kumdhuru mtu ambaye hata hakuiona: mtoto wa jirani, mama aliyejifungua katika wodi ya pili, au kizazi ambacho hakijazaliwa. Ni kama kisima cha kijiji; anayekichafua hanywi peke yake.

Historia imetupa mafunzo mawili makubwa, na yafaa kila mwanafunzi ayajue.

La kwanza ni la Ujerumani Magharibi. Mwaka 1957 kampuni ya Chemie Grünenthal ilianza kuuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi. Ilisifiwa kuwa salama kabisa, nayo ikatumiwa na wanawake waja wazito ili kutuliza kichefuchefu cha asubuhi. Iliuzwa katika nchi zaidi ya 40. Kisha wakaanza kuzaliwa watoto wenye mikono mifupi mno, au wasio na mikono wala miguu, na wengine wenye kasoro za moyo na za masikio. Mwishoni mwa mwaka 1961, baada ya daktari Widukind Lenz wa Ujerumani na William McBride wa Australia kutoa onyo, dawa iliondolewa madukani. Watoto waliodhurika hukadiriwa kuwa zaidi ya 10,000, na wengi wao walikufa wakiwa wachanga. Kampuni hiyo iliomba radhi hadharani mwaka 2012, yaani zaidi ya miaka 50 baadaye.

Katika Marekani dawa hiyo haikuruhusiwa kuuzwa, na sababu yake kubwa ilikuwa mwanamke mmoja. Frances Kelsey alikuwa ameajiriwa mwaka 1960 katika idara ya serikali inayokagua dawa. Maombi ya kuiuza thalidomaidi yalipomfikia, aliona kuwa ushahidi wa usalama wake hautoshi. Kampuni iliyoomba ilimsukuma mara kwa mara, naye kila mara akataka ushahidi zaidi. Hakujua bado kuwa dawa ile hulemaza watoto tumboni. Alijua tu kuwa kutojua si sawa na usalama. Mwaka 1962 Rais Kennedy alimpa nishani, na sheria ya dawa ya nchi ile ikatiwa nguvu. Tazameni jinsi ujasiri ulivyo na sura nyingi. Upo ujasiri wa kuingia vitani, na upo ujasiri wa kukaa mezani na kukataa kutia saini.

Fundisho la pili ni la Marekani hiyo hiyo, nalo linasikitisha, kwa kuwa nchi iliyoponea tundu la sindano mara ya kwanza ilinaswa mara ya pili. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza kidonge cha maumivu kiitwacho OxyContin, cha jamii ya afyuni. Mawakala wake waliwaambia madaktari kuwa hatari ya mgonjwa kuwa mtumwa wa dawa hiyo ni ndogo sana. Madaktari wengi waliamini, wakaandika. Dawa iliyofaa kwa maumivu ya saratani na ya upasuaji mkubwa ikaandikwa kwa maumivu ya mgongo na ya meno. Mwaka 2012 vyeti vya dawa za jamii hiyo vilivyoandikwa nchini humo vilizidi milioni 250, katika taifa la watu wapatao milioni 314. Vyeti vilipoanza kubanwa, wengi waliokwisha kunaswa waligeukia heroini na dawa nyingine za magendo. Mwaka 2021 zaidi ya watu 80,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, wengi wao kwa zile za magendo. Kampuni ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007, na tena mwaka 2020. Lakini hapana kampuni iliyoweza kukifikisha kidonge kihalali katika kinywa cha mgonjwa pasipo saini ya tabibu.

Basi, madhara yakitokea, tabibu ahukumiwe namna gani? Swali hili ni la kale sana. Katika sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa yapata miaka 3,750 iliyopita, tabibu aliyemwua mtu wa heshima kwa upasuaji alikatwa mikono. Sheria hiyo ilikuwa kali bila hekima. Kama ingefuatwa leo, hakuna kijana mwenye akili ambaye angeisoma kazi ya uganga, na wagonjwa wangekufa kwa kukosa mikono ya kuwahudumia.

Mimi naona yapasa tutenganishe mambo matatu. Liko tukio lisilozuilika: mgonjwa apewa dawa sahihi kwa kipimo sahihi, na mwili wake waikataa kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuitabiri. Hapo tabibu hana hatia, ila ana deni la kusaidia na kusema kweli. Liko kosa la uzembe: hakuuliza, hakupima, hakufuatilia. Hapo ana hatia, na ni haki alipe na arekebishwe. Na liko kosa la tamaa au la kudharau maisha: anaandika dawa kwa sababu ya fedha, huku akijua hatari yake. Hapo mahakama ndiyo mahali pake. Ulimwengu mzima ulishuhudia jambo la namna hii baada ya mwimbaji Michael Jackson kufariki mwaka 2009. Daktari wake alikuwa akimpa nyumbani, ili apate usingizi, dawa ya kuwalaza wagonjwa wa upasuaji, pasipo vyombo vya kutosha vya kumwangalia. Mwaka 2011 daktari huyo, Conrad Murray, alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Mgonjwa alikuwa ameitaka dawa ile mwenyewe. Mahakama haikuona kuwa hilo ni udhuru, nami nakubaliana nayo. Mgonjwa ana haki ya kuomba. Mwenye elimu ana wajibu wa kujibu. Mlango wa dawa una funguo, na aliyepewa funguo hawezi kusema kuwa aliyebisha hodi ndiye aliyefungua.

Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu, katika kifungu cha 43, haki ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu kinachowezekana; na kifungu cha 46 chawapa watumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupewa habari wanazozihitaji, na haki ya kulipwa fidia wakidhurika kwa kasoro. Liko baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno, na liko jingine la maafisa wa kliniki; kila moja laweza kupokea malalamiko ya mgonjwa. Bodi ya Famasia na Sumu hupokea taarifa za madhara ya dawa, hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Vyombo hivi vipo, lakini chombo kisichojulikana ni kama jembe lililofungiwa ghalani.

Hata hivyo sheria peke yake haitoshi. Tabibu anayeogopa adhabu tu huficha kosa, na kosa lililofichwa hurudiwa na mwingine. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na msemo huu wawahusu waganga kama unavyowahusu wagonjwa. Tunahitaji desturi ambayo tabibu aweza kusema mbele ya wenzake na mbele ya mgonjwa, "Dawa hii niliyoiandika imekudhuru, na hivi ndivyo tutakavyorekebisha." Neno hilo halimshushi cheo. Linamwinua.

Nanyi mnao wajibu wenu. Mnapoandikiwa dawa, ulizeni kwa adabu maswali machache: Ugonjwa wangu ni upi? Dawa hii yafanya nini? Niinywe kwa muda gani? Madhara yake ni yapi? Nisipoinywa itakuwaje? Mtajieni tabibu kila kitu mnachokitumia, hata dawa za mitishamba, maana nazo ni dawa. Msimpe mwenzenu mabaki ya vidonge vyenu, wala msinunue antibiotiki dukani pasipo cheti. Nyumbani mkiwa na babu au bibi mwenye mfuko wa dawa nyingi, mshaurini aupeleke wote kwa tabibu mmoja, akaupange upya. Tabibu mwema hakasirikii maswali. Akikasirika, si maswali yaliyo na kasoro.

Najua kuwa miongoni mwenu wamo watakaovaa koti jeupe. Mtasoma miaka mingi majina ya dawa na nguvu zake, na mtatahiniwa juu ya kile cha kuandika. Mtihani mgumu zaidi utakuja baadaye, bila msimamizi chumbani: foleni ni ndefu, mgonjwa anasihi, wakala ameacha zawadi mezani, nanyi mwajua ndani ya mioyo yenu kuwa mtu huyu hahitaji dawa, bali anahitaji dakika kumi za maelezo na ahadi ya kupimwa tena. Siku hiyo wekeni kalamu chini, mkampe hizo dakika kumi.